Rubani Mgeni Anatuaje Kwenye Kiwanja Asichokijua?

Mkoa wetu wa Kagera una Kagondo mbili. Iko Kagondo ya Bukoba mjini, na iko Kagondo ya Muleba, ile yenye hospitali. Dereva mwenyeji ukimwambia, "Nishushe Kagondo," atakuuliza, "Ipi?" Dereva mgeni hana swali. Atakupeleka kwenye Kagondo aliyoelekezwa yeye, nawe utashuka na mkungu wako wa ndizi mahali ambapo hakuna anayekungojea. Hasara ni nauli na muda, basi.

Ndege kubwa nayo yaweza kwenda Kagondo siyo. Imetokea hapa hapa Tanzania, na tutaeleza. Lakini ndege haiwezi kusimama kando ya njia ikauliza wapita njia.

Tangu ajali ya Bukoba ya mwaka 2022, wanakisomo wengi wametuuliza: rubani ambaye hajawahi kufika mahali anajuaje pa kutua? Nani anamwongoza? Mawingu yakifunga inakuwaje? Wengi wenu mna watoto Dar es Salaam na Mwanza wanaokuja nyumbani kwa ndege wakati wa misiba na Krismasi. Kwa hiyo swali hili si la kupiga soga tu.

NENO RUBANI LILITOKA BAHARINI

Kabla ya ndege kuwako, watu wa pwani walilitumia neno rubani kwa mtu wa baharini. Meli ya mbali ikikaribia bandari, nahodha wake hajui miamba iko wapi wala maji yana kina gani. Basi mwenyeji huitwa, akapanda melini, akasimama karibu na nahodha na kuielekeza meli mpaka gatini. Huyo ndiye rubani. Hata leo bandari kubwa kama Dar es Salaam na Mombasa zina marubani wa kazi hiyo. Na wavuvi wa ziwa letu wanalijua jambo hili bila kusoma popote: ukifika usiku kwenye mwalo usioujua, ama unangoja kupambazuke, ama unamwita mwenyeji akuonyeshe taa.

Sasa tazameni tofauti. Ndege iliyo angani haiwezi kungoja nje ya kiwanja mpaka mwenyeji apande. Mtu wa ndege tumempa jina la rubani, yaani yule anayepajua mahali, kumbe siku nyingine yeye mwenyewe ndiye mgeni. Kwa hiyo ule wenyeji inabidi aubebe kutoka alikotoka. Anaubeba kichwani, katika karatasi, na siku hizi katika kompyuta.

WENYEJI WA KUBEBA

Kila kiwanja cha ndege kinachotambuliwa kina ramani zake za kutulia. Si ramani kama ile ya ukutani darasani. Ramani ya kutulia inaonyesha kiwanja kimoja tu: njia ya kurukia ina urefu gani, imeelekea wapi, vilima viko upande gani na vina kimo gani, mnara wa redio uko wapi, na ndege isishuke chini ya kimo kipi kabla ya kufika mahali fulani. Rubani na msaidizi wake huisoma ramani hiyo kabla ya kuanza kushuka, tena kwa sauti, mmoja akimsomea mwenzake. Ndiyo, watu wazima wenye vyeo mabegani wanasomeana kwa sauti, kama sisi tunavyofanya darasani.

Jambo moja dogo la ramani hizo linafaa kuelezwa kwa sababu tutalihitaji mbele. Njia ya kurukia haina jina, ina namba. Namba hiyo inatokana na dira. Dira imegawanywa sehemu 360. Kaskazini ni 360, mashariki ni 90, kusini ni 180, magharibi ni 270. Ukiondoa tarakimu ya mwisho, umepata namba ya njia. Njia inayoelekea mashariki huandikwa 09. Ukiijia kwa upande wa pili unaelekea magharibi, na huko imeandikwa 27. Ni njia ile ile moja, lakini ina namba mbili, kila mwisho namba yake, zimechorwa kwa rangi nyeupe kubwa ili zionekane kutoka juu.

Tena ziko sheria za kimataifa. Shirika haliruhusiwi kumtuma rubani mkuu mahali asipopajua hivi hivi tu. Lazima athibitishe kwamba anaijua njia, anavijua vilima, anaijua hali ya hewa ya huko na taratibu za kutua. Akikaa miezi 12 bila kuipita njia ile, anahesabiwa kuwa ameisahau, na lazima aandaliwe upya. Tunaipenda sheria hii. Sisi wa elimu ya watu wazima tunajua vizuri jinsi mtu anavyoweza kufaulu kusoma na kuandika, akakaa mwaka bila kushika kitabu, na herufi zikaanza kumkimbia.

Mashirika mengi huvipanga viwanja katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni viwanja vyepesi: tambarare, njia ndefu, vifaa kamili. Kundi la pili vina jambo la kuangalia, labda kilima, labda upepo wa ajabu, na rubani lazima asome maelezo maalumu kwanza. Kundi la tatu ni vigumu hasa. Huko haendi mpaka ameshafika pamoja na rubani mzoefu, au amejifunza katika mashine ya mazoezi. Mashine hiyo ni chumba kilichotengenezwa kama sehemu ya mbele ya ndege, na madirishani mnaonekana picha ya kiwanja chenyewe. Mtu anaweza kuanguka humo mara kumi kwa siku na jioni akaenda kula chakula kwake. Katika nchi ya Bhutan, huko Asia, kiko kiwanja kiitwacho Paro kilichofichwa katikati ya milima mirefu. Marubani wachache tu wenye kibali maalumu ndio wanaotua huko.

Lakini hata mwenyeji anaweza kugeuka mgeni. Mwezi Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka kule Goma, Kongo, na uji wa moto ukafunika sehemu ya njia ya kurukia. Rubani aliyekuwa akitua Goma mwaka uliotangulia alikuwa na kiwanja kirefu kichwani mwake. Kiwanja hicho hakikuwapo tena. Ndiyo maana kila siku hutolewa matangazo kwa marubani wote: njia fulani imefupishwa, taa fulani zimezimika, mahali fulani kuna mtambo unachimba. Rubani ambaye hakusoma tangazo la leo ana ramani ya jana.

ARUSHA, TAREHE 18 DESEMBA 2013

Sasa tuje kwenye Kagondo mbili za angani. Siku hiyo ndege aina ya Boeing 767 ya Shirika la Ndege la Ethiopia ilitoka Addis Ababa kuja Kiwanja cha Kimataifa cha Kilimanjaro, kinachoitwa KIA. Ndani walikuwamo abiria zaidi ya 200. Njia ya kurukia ya KIA ilikuwa imezibwa kwa muda na ndege ndogo iliyopata hitilafu, kwa hiyo ndege kubwa ikaambiwa ingoje angani.

Baadaye ikashuka na kutua. Ilitua vizuri kabisa, lakini si KIA. Ilitua kiwanja kidogo cha Arusha, kile cha Kisongo, kama kilomita 50 magharibi ya KIA.

Inawezekanaje? Tazameni ramani. Kiwanja cha Arusha na kiwanja cha KIA vimekaa karibu kama shanga mbili kwenye uzi mmoja wa kutoka magharibi kwenda mashariki. Njia ya KIA ni 09 na 27. Njia ya Arusha ni 09 na 27. Vyote viwili vina mlima mkubwa jirani, kimoja Meru, kingine Kilimanjaro. Mtu anayetazama dira yake akaona namba ni sawasawa, akatazama nje akaona lami imenyooka mbele yake, moyo unatulia. Moyo ukitulia mapema, mtu haulizi "Ipi?"

Tofauti ilikuwa katika urefu. Njia ya KIA ina mita 3,600. Ile ya Arusha wakati huo ilikuwa na mita 1,620. Hebu tufanye hesabu, maana hesabu tumeisoma. Ndege kubwa kama ile hugusa ardhi ikiwa na mwendo wa kilomita 250 hivi kwa saa, yaani kama mita 70 kwa sekunde moja. Isingepunguza mwendo, ingeimaliza njia ya Arusha kwa sekunde 23. Ile ya KIA ingeimaliza kwa sekunde 51. Tena Arusha iko juu zaidi ya KIA kwa karibu mita 500. Huko juu hewa ni nyepesi, na ndege hulazimika kukimbia zaidi kidogo ili hewa hiyo nyepesi iibebe. Kwa hiyo waliipata njia fupi wakiwa na mwendo mkubwa zaidi.

Walifunga breki, na ndege ikaishia magurudumu yakiwa kwenye majani. Hakuna aliyeumia. Kiwanja hakikuwa na ngazi ndefu za kufikia mlango wa ndege kubwa namna ile, abiria wakakaa ndani saa kadhaa wakiona ardhi hiyo hapo chini. Baadaye ndege ilipunguzwa uzito, ikaondoka bila abiria.

Msomaji asicheke Waethiopia. Mwezi uliotangulia, Novemba 2013, ndege kubwa mno ya mizigo ilitua kiwanja kisichokuwa chake katika mji wa Wichita, Marekani. Mwezi uliofuata, Januari 2014, ndege ya abiria ya shirika la Southwest, la Marekani pia, ilikosea kiwanja karibu na mji wa Branson. Miezi mitatu, mara tatu, katika mabara mawili. Na mwezi Aprili 2021, huko Ndola, Zambia, ndege ya mizigo ilitua kwenye kiwanja kipya ambacho bado kilikuwa kinajengwa, badala ya kile cha zamani kilichokuwa kinatumika. Kiwanja hicho kipya kilifunguliwa baadaye mwaka huo huo.

Dawa ipo, na ni kutoamini macho peke yake. Ndege ina vyombo vinavyosema mahali ilipo hasa. Rubani mmoja akisema, "Naona kiwanja," mwenzake hapaswi kujibu tu "Nami nakiona." Anatakiwa atazame vyombo na kusema umbali uliobaki. Kama vyombo vinasema bado kilomita 50, na kiwanja kiko hapa mbele, basi hicho si chenyewe, hata kiwe kizuri namna gani.

JICHO LA MGENI LINADANGANYA

Hata rubani akikipata kiwanja chenyewe, jicho lina hila nyingine. Jicho hupima umbali kwa kulinganisha na kitu lilichozoea. Rubani aliyezoea njia pana akiijia njia nyembamba huiona kama iko mbali, huko chini sana. Anajiona yuko juu mno, naye anashuka zaidi. Mwisho anakuwa chini mno na kiwanja bado kiko mbele. Njia iliyopanda kilima hudanganya namna hiyo hiyo. Maji nayo ni mabaya zaidi. Ziwa likitulia kama kioo halina mti, halina nyumba, halina ng'ombe wa kukuonyesha kimo chako. Usiku, au katika mvua, ni kama kushuka ndani ya shimo.

Ndege ikishuka vizuri, kila kilomita moja ya kwenda mbele inateremka kama mita 50. Kwa hiyo ikibaki kilomita 10 iwe juu kama mita 500, ikibaki kilomita 2 iwe juu kama mita 100. Rubani mgeni hupiga hesabu hiyo na kuilinganisha na chombo chake cha kimo, halafu ndipo anauliza macho. Katika viwanja vingi pia ziko taa nne kando ya njia. Mbili zikionekana nyeupe na mbili nyekundu, yuko sawa. Nyeupe zote, yuko juu mno. Nyekundu zote, yuko chini mno, na hapo si pa kufikiri mara mbili. Viwanja vikubwa vina mitambo ya redio inayotuma mihimili miwili isiyoonekana, mmoja wa kushoto na kulia, mwingine wa juu na chini, na ndege huifuata mpaka chini hata kama kuna mawingu. Viwanja vidogo mara nyingi havina mitambo hiyo, na huko ni lazima rubani aione njia kwa macho yake kabla ya kutua. Asipoiona, haruhusiwi kutua.

Basi afanye nini? Aghairi. Anaongeza nguvu za injini, anainua pua ya ndege, anapanda tena. Mashirika mengi yana sheria kwamba ndege ikiwa juu ya kiwanja kama mita 300, kila kitu kiwe tayari: mwendo, magurudumu, mstari. Kama kimoja hakiko tayari, kughairi. Abiria huogopa sana jambo hili. Wanashika rozari, wengine wanapiga kelele. Kwa maoni yetu wangepaswa kuogopa zaidi rubani asiyeghairi kamwe. Mafuta ya kazi hiyo yamo. Kabla ya kuondoka, ndege hujazwa ya kufika, ya kwenda kiwanja kingine kama hapa hapatuliki, na ya akiba ya kama nusu saa juu ya hayo. Kwa hiyo mwanao akipiga simu kutoka Mwanza kwamba hawakutua Bukoba, usimlaumu rubani kwa kukupotezea siku. Chakula cha wageni kitapashwa moto.

KIWANJA CHETU CHA BUKOBA

Bukoba si kiwanja chepesi. Njia yake ni fupi, kama kilomita moja na nusu. Upande mmoja ni maji ya ziwa, upande mwingine ni vilima. Na mvua zetu mnazijua. Nyingi huzaliwa ziwani usiku na kutufikia alfajiri na asubuhi, wakati ule ule ambao ndege za mwanzo zinawasili.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam iliangukia ziwani karibu na kiwanja, katika hali mbaya ya hewa. Watu 43 walikuwamo. Walikufa 19, wakaokoka 24. Hatusemi kwamba ugeni ndio uliowaua. Ilikuwa safari ya ratiba ya shirika la hapa nchini. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha jinsi nafasi ilivyo ndogo mahali kama hapa: mita chache kabla ya lami ni maji. Ikiwa mwenyeji anaweza kupatwa, mgeni afanye hadhari mara mbili. Na waliofika mwanzo siku ile walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, jambo ambalo mkoa huu hautalisahau.

Sisi tusiorusha ndege tunayo sehemu yetu. Anayechoma majani karibu na kiwanja anampelekea rubani moshi mahali anapotafuta njia kwa macho. Anayetupa takataka karibu na kiwanja anaita kunguru na korongo, na ndege mmoja wa manyoya akiingia ndani ya injini anaweza kuizima. Ng'ombe akivuka njia, rubani ataghairi akimwona. Asipomwona je? Hata taa kali za kutegea senene zinazoelekezwa juu hupofusha macho ya rubani, mahali ambapo ndege hutua usiku.

Na ukipanda ndege mwenyewe, msikilize mhudumu anapoonyesha mkanda na boya la kuvaa, hata kama wenzako wanatazama simu. Hesabu viti vilivyoko kati yako na mlango wa karibu, maana kwenye giza au maji utahesabu kwa mkono. Juu ya boya kuna jambo moja wengi hawalijui. Mwezi Novemba 1996, ndege iliyotekwa na watu wabaya iliishiwa mafuta ikaangukia baharini karibu na ufukwe wa Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125. Baadhi yao walikuwa wamelijaza boya upepo wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, boya liliwanyanyua mpaka darini, wakashindwa kuzama chini kidogo kuufikia mlango. Vaa boya ukiwa kitini, funga kamba zake, lakini usiivute ile kamba nyekundu mpaka ufike mlangoni. Ikivutwa, boya hujaa kwa sekunde chache. Lisipojaa, kuna mrija begani wa kupuliza kwa mdomo. Kwenye kamba yake kuna kipenga, na taa ndogo inayowaka yenyewe ikilowa maji.